Mikono Ilipofunguka

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, Tusekile alipanga viatu. Waokoaji kumi wa Kituo cha Kamba waliviacha mlangoni hovyohovyo, buti juu ya buti, naye aliinama akaviweka jozi jozi, ncha zikitazama nje, ili kengele ikilia mtu asipoteze muda kutafuta mguu wa kushoto. Hakuna aliyemwagiza; yeye alikuwa mshauri wa kituo. Ilikuwa namna ya kuipa mikono shughuli wakati sauti yake mwenyewe ikisema na watu kutoka ukutani.

“Kaa. Mgongo wima, mabega yalegee. Huna pa kwenda.”

Alikuwa ameirekodi sauti hiyo miaka miwili nyuma, katika chumba kilichozungushiwa magodoro, taa zimezimwa kwa ombi lake, maana alimwonea haya hata fundi wa mitambo. Ikatoka laini, sauti ya mtu asiye na haraka wala wasiwasi. Kila alipoisikia alijiuliza yule dada ni nani.

“Vuta pumzi. Ishike. Sasa... tua.”

Watu kumi juu ya mikeka wakashusha pumzi kwa pamoja. Nyuma ya masikio yao vipini vikawaka rangi ya kijani, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama.

Asajile, dereva, akafumbua jicho moja. “Dada Tuse, leo ni chapati au maandazi? Nisije nikatulia bure.”

“Fumba macho wewe,” akasema Koplo Lugano bila kugeuka. “Unanipigia kelele na tumbo lako.”

“Tumbo langu halijasema neno.”

“Limesema. Hata Mama Kissa jikoni kalisikia.”

Konstebo Bupe, aliyekuwa mwepesi kuliko wote na ndiye aliyeteremshwa kwenye kamba kila mara, alicheka puani, akajaribu kujizuia, ikawa vibaya zaidi. Mkeka mzima ukatikisika. Tusekile naye akatabasamu, ameinamia buti za Lugano, kubwa kama mitumbwi.

Kengele ikalia.

Hakuna aliyepiga kelele. Macho yalifunguka, miguu ikaingia katika buti, na kabla sauti ya ukutani haijafika kwenye “tua” ya pili chumba kilikuwa kitupu. Mkaguzi Gwantwa, mkuu wa kituo, alipita akifunga mkanda. “Kigari namba tisa, waya wa Kilima cha Tatu. Abiria wanne, na kinatoa moshi. Tusekile, kaa kwenye mapigo.”

Isanzo ulikuwa mji wa vilima vitano. Barabara zilizoviunganisha ziliondoka na maporomoko ya mwaka wa mvua kubwa, ikabaki njia nyembamba ya magari ya dharura tu, na tangu hapo watu walikwenda kazini, shuleni na kanisani kwa vigari vilivyoning'inia kwenye waya, juu ya mabonde yenye ukungu hadi saa nne. Kigari kikikwama, aliteremshwa mtu kwa kamba kutoka juu ya mnara. Hakukuwa na njia nyingine.

Tusekile akakimbilia chumba cha mapigo.

Ukuta mmoja wa chumba hicho ulikuwa kioo, na juu ya kioo ilikwenda mistari kumi, kila mstari moyo wa mtu. Kipini kilisoma mapigo, jasho na pumzi, kikayatuma hapa. Mapigo yakipanda kupita kiasi, na mtu akalisikia lile neno *tua* wakati anatoa pumzi, kipini kiligusa kwa umeme mdogo mshipa unaoshuka shingoni hadi moyoni, na moyo ukashuka nao. Mwanzoni lilikuwa na kufuli mbili: lisemwe kwa sauti ya Tusekile tu, na ndani ya chumba cha mikeka tu. Miezi mitatu iliyopita kufuli zote mbili ziliondolewa. Waokoaji wenyewe waliomba. Walitaka mtu akishikwa na hofu huko mnarani, mwenzake aweze kumshika bega na kumwambia, “Tua, ndugu yangu.” Siku ya majaribio Tusekile aliwaona wakifanya hivyo kwa mara ya kwanza, Asajile akimshika Lugano baada ya siku mbaya, akaenda msalani kulia kwa furaha. Aliporudi, akatia sahihi.

“Wa kwanza ameshuka,” ilisema redio. Ilikuwa sauti ya Mkaguzi Gwantwa. “Mama na mtoto wameshuka. Wapelekeni kwenye gari.”

Mstari wa Lugano ulikuwa kwenye mia moja thelathini na tano. Sawa kabisa kwa mtu aliyeshika kamba. Juu ya mnara, kamba ilipita katika breki ya chuma, na breki ilitaka mkono wa mtu. Mkono ukibana, kamba inasimama, mkono ukilegea, kamba inakwenda. Mkono huo ulikuwa wa Lugano kwa miaka tisa.

“Mzee wa mwisho ameshuka. Bado Bupe peke yake.”

Kisha ikaja sauti ya Bupe, imechoka, inahema, imejaa moshi. Kamba ya pili, ile ya usalama, ilikuwa imeshuka na yule mzee. Kitabu cha mafunzo kilisema mtu anayeteremshwa aseme *shusha*. Bupe alilijua neno hilo kama jina lake. Lakini alikuwa amekwishabeba watu wanne mgongoni, na mtu akichoka hurudi kusema kama alivyosema nyumbani, alipopokewa tenga la ndizi kichwani.

“Haya, kaka Lugano. Nitue. Tua. Tua taratibu.”

Mstari wa Lugano ukaanguka. Mia moja thelathini na tano, tisini, hamsini na nane. Ukalala kama uzi uliowekwa mezani.

Tusekile alisikia kamba ikipita. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo, lakini aliijua. Ilikuwa kama kitambaa kirefu kinachochanwa. Kisha Bupe akaita jina la Lugano mara moja, na baada ya hapo redio ikawa na upepo tu.

*

Bupe hakufa. Aliangukia mteremko wa chai, vichaka vikampokea, akavunjika nyonga na uti wa mgongo mahali pawili. Hospitali ilisema ngojeni.

Kituo kilirudi saa tano. Tusekile alisimama mlangoni akiwa hajui aweke wapi mikono. Alitegemea kuona watu waliovunjika. Aliona watu tisa wakishuka garini kwa utaratibu, wakitundika kofia, wakinawa. Asajile aliuliza kama chapati zimebaki. Walikuwa wameambiana lile neno njiani wakati wa kurudi, kama walivyofundishwa.

Lugano alikaa bandani kwenye benchi, akapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kiganja cha kulia kilikuwa kimechunwa na kamba hadi nyama ikaonekana. Alikuwa amekizungusha kwenye kikombe cha moto.

“Kaka Lugano, mkono wako.”

Akautazama kama mtu anayetazama mkono wa jirani. “Eh. Umeungua.”

“Husikii maumivu?”

“Nayasikia. Yako mbali kidogo.” Akanywa. “Usihangaike, dada. Niko vizuri.”

“Ilikuwaje?”

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. Tusekile aliuona uaminifu ule na nywele zikamsimama. “Nilikuwa nimebana. Halafu nikajisikia vizuri sana. Kama unavyoweka mzigo chini. Nikafungua mikono.” Akatabasamu kidogo, pengo la meno ya mbele likaonekana. “Mikono mibaya hii. Mama Kissa ameweka sukari nyingi leo.”

Tusekile alikwenda chumba cha mapigo, akafunga mlango. Kisha akafungua kumbukumbu za miezi mitatu.

Aliuliza mtambo kitu kimoja tu: lini neno hilo limesikika, na moyo gani umeanguka. Alitarajia kuona vyumba vya mikeka na mabega yaliyoshikwa. Aliyaona. Lakini katikati yake aliona vingine. Jumanne ya juma lililopita, jikoni, Mama Kissa akisema, “Tua hiyo sufuria hapo,” na konstebo mmoja akaachia sufuria ya maji ya moto, ikaukosa mguu wake kwa inchi. Walicheka siku ile; Tusekile alikuwapo, naye alicheka. Mwezi uliopita, redio ya gari ikitangaza kwamba ndege ya wagonjwa imetua, na Asajile, akiwa kwenye mteremko wa Kilima cha Pili na watu sita nyuma, mapigo yake yakaanguka hadi hamsini na tano kwa sekunde nne. Sekunde nne usukani haukuwa na mtu. Kwa bahati barabara ilikuwa imenyooka.

Mara kumi na saba. Alihesabu, akahesabu tena, kwa sababu alitaka ziwe kumi na sita.

Nje ya mlango mtu alikuwa akimwambia mwenzake kwamba njiwa wametua tena juu ya bati. Tusekile aliruka. Alisimama ameshika meza, akisikiliza kama kuna kitu kinaanguka.

*

“Umemwambia nani?” aliuliza Mkaguzi Gwantwa.

“Nimekuja kwako kwanza, afande.”

“Umefanya vizuri.” Gwantwa alikuwa mwanamke mrefu, mwenye makovu ya moto shingoni, na vazi lake lilinyooka siku zote. Alifunga dirisha ingawa hapakuwa na baridi. “Zima basi.”

“Haizimiki hivyo. Wahandisi waliandika ishushwe kidogo kidogo, siku arobaini. Ikizimwa ghafla, kila kilichokuwa kimewekwa pembeni kinarudi pamoja.”

“Na ikiachwa?”

“Mtu yeyote akitamka neno la kawaida...” Akaanza upya. “Ni neno la kawaida mno, afande. Nililichagua mimi. Niliona zuri.”

Gwantwa aligeuka kutoka dirishani. “Unamkumbuka Enoki?”

“Nilikuwa bado sijaja.”

“Hukumkuta. Enoki alitoa watoto saba kwenye bweni lililoungua, na wa nane akamkosa. Miezi sita baadaye tulimzika, na hakufa kazini. Mwaka huohuo nilipoteza wanne wengine. Waliacha kazi, wanywaji sasa, mmoja hajui hata jina la mkewe. Ukaja wewe na mikeka yako. Miaka miwili, binti, sijazika mtu. Watu wangu wanalala. Unajua maana ya mke wa mwokoaji kunipigia simu kuniambia mumewe amelala usiku kucha?”

“Najua.”

“Kesho saa nne kuna baraza. Watu watatu kutoka makao makuu, kwenye kioo. Wanataka kujua kama Lugano alifanya uzembe. Na Jumatatu mpango wako unaanza katika vituo thelathini na viwili.” Gwantwa alijisugua kovu. “Sikuambii useme uongo. Nakuambia ujibu ulichoulizwa. Hilo neno tutalibadilisha wenyewe, kimyakimya. Tutaliwekea kufuli tena.”

“Kufuli haisaidii sasa. Miili imeshajifunza. Hata kipini kisipogusa, mikono...”

“Tusekile.”

“Ndiyo, afande.”

“Jibu ulichoulizwa.”

*

Lugano alikuwa stoo ya kamba, akiosha kamba iliyomwangusha Bupe. Ilikuwa sheria ya kituo kwamba aliyeitumia huiosha. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji na bandeji ilikuwa imelowa.

Tusekile alimweleza yote, na alieleza vibaya, akirudia rudia, akitazama ndoo. Lugano alisikiliza.

“Kwa hiyo si uzembe wangu,” akasema.

“Si wako hata kidogo.”

“Sawa.” Akaendelea kusugua. Ilikuwa kama ameambiwa kesho kuna mvua.

“Huoni tofauti?”

“Naiona, dada. Nashukuru. Lakini Bupe yuko palepale, sivyo?”

Tusekile alitoa kishikwambi mfukoni. Kama mshauri wa kituo alikuwa na ufunguo wa kila kipini. Hakuwahi kuutumia. “Nataka kukuuliza kitu kaka, na nataka unijibu wewe mwenyewe. Nikikizima kwa dakika moja. Moja tu. Kisha nakiwasha. Unaniruhusu?”

“Zima,” akasema Lugano kwa upole. “Mimi sina shida.”

Akabonyeza.

Kwa muda hakikutokea kitu. Taa ya kijani ilizimika nyuma ya sikio na Lugano akaendelea kusugua, mara tatu, mara nne. Halafu mkono ukasimama. Akaitazama kamba iliyo mikononi mwake, akaanza kuielewa. Tusekile aliona jambo lile likimjia usoni kama maji yanavyoingia ndani ya nyumba, kwanza chini ya mlango, kisha kila mahali.

Aliitupa kamba. Akarudi nyuma hadi ukutani, akajibana pale mwili mzima, mkubwa kama alivyo, akapiga ukelele ambao Tusekile hakujua kwamba binadamu anaweza kuutoa. Mkono wenye jeraha aliukumbatia kifuani. Maumivu yaliyokuwa mbali yalikuwa yamefika.

“Aliniita! Aliniita jina langu! Nilimsikia vizuri, nami nilikuwa najisikia vizuri! Mungu wangu, nilikuwa najisikia vizuri!”

“Kaka Lugano, niko hapa...”

“Na yule mtoto wa kigari cha nne! Na bweni! Enoki...” Alikuwa akihema bila kupata hewa. Miaka miwili ilikuwa ikimwingia kwa mkupuo. “Washa! Washa, dada, nakuomba! Nakupigia magoti!” Na kweli akapiga magoti, mtu wa umri wa mjomba wake, kwenye maji ya sabuni. “Washa!”

Zilikuwa zimepita sekunde thelathini na nane. Tusekile akabonyeza, kidole kikikosa mara mbili.

Pumzi ikashuka, mabega yakashuka. Lugano alijifuta uso kwa kiwiko, akainuka, akaokota kamba. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka lakini uso ulikuwa umeshayasahau.

“Ulitaka kuniuliza nini?” akasema.

Tusekile alirudisha kishikwambi mfukoni. “Nilitaka kukuuliza kama ungependa nikizime.”

“Ah. Kiache. Kiko vizuri.”

Yule aliyepiga magoti alisema washa. Huyu aliyesimama alisema kiache. Wote wawili walikuwa wametoa jibu moja, na bado Tusekile hakuweza kuliamini, kwa sababu mmoja alisema akiwa hawezi kupumua, na wa pili alisema akiwa hajui kwamba analia.

Aliondoka pale karibu akimbie. Alipofika uani alitapika kando ya bomba. Mama Kissa alimkuta ameinama, akamshika kiuno.

“Una mimba?”

“Hapana, mama.”

“Basi una hofu. Vyote viwili huanzia tumboni.” Akampa maji kwenye kata. “Kunywa. Hapa mtu mwenye hofu umebaki wewe peke yako. Mimi wale wananitisha siku hizi. Nilimwagia mmoja uji wa moto kwa bahati mbaya, akaniambia asante.”

*

Kulikuwa na jambo ambalo Tusekile hakuwahi kumwambia mtu.

Juma lake la kwanza kituoni, kabla ya mikeka na vipini, Lugano alikuja ofisini kwake. Alibisha hodi, akaingia, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kidogo kwake, akaanza kulia. Alikuwa hajalala siku tano. Tusekile alikuwa na miaka ishirini na nne, cheti chake bado kinanuka wino, na chuoni walimfundisha kila kitu isipokuwa mahali pa kuweka macho mtu mzima akilia mbele yako. Alisema, “Ngoja nikuletee maji.” Akatoka. Alisimama nyuma ya tangi dakika ishirini na glasi mkononi, akijiambia arudi, miguu ikikataa. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu.

Wiki ileile aliandika barua ya kuomba vifaa vya kurekodi. Sauti haioni haya. Sauti inaweza kukaa na watu kumi wanaolia bila kutafuta pa kukimbilia. Watu walimsifu kwa ubunifu, naye akazipokea sifa hizo akiinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

*

Baraza lilikaa saa nne katika chumba cha mikeka, maana ndicho kilichokuwa na kioo na nafasi ya watu wote. Mikeka ilikuwa imekunjwa. Watu watatu walionekana ukutani, wakubwa kuliko umbo lao. Katikati alikuwa Bwana Ndimbo, mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Lugano alisimama mbele. Waokoaji wengine wanane walikaa nyuma kwenye benchi, wametulia kama sahani kabatini.

“Koplo, uliachia kamba?”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Kwa nini?”

“Dada ana maelezo yake. Mimi ninachojua ni kwamba nilifungua mikono.”

“Unajutia?”

Lugano akafikiri. “Najua kwamba napaswa.”

Wale watatu wakatazamana. Mmoja, mama mwenye miwani, akaandika kitu kirefu. Tusekile alijua kinachoandikwa: *hana majuto*. Kwa maneno hayo mawili mtu angevuliwa sare, akashtakiwa, naye angepeleka mikono mahakamani kwa utulivu uleule ili afungwe.

“Mshauri,” akasema Bwana Ndimbo. “Fomu yako, swali la saba. Wakati wa tukio, mhusika alikuwa mtulivu?”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Sikusikia.”

“Ndiyo.”

“Vizuri. Kwa hiyo mpango ulifanya kazi yake, na kosa ni la mtu. Una la kuongeza?”

Mkaguzi Gwantwa alikuwa akimtazama kutoka dirishani. Hapakuwa na vitisho katika macho yale. Yalikuwa yakimwomba.

Tusekile alisimama. Karatasi aliyoandika alfajiri ilikuwa mkononi, imelowa jasho. “Ningependa... kama baraza litaona inafaa... kuna uwezekano kwamba baadhi ya matamshi katika mazingira ya kazi yanaweza kuwa na uhusiano...”

“Binti, hatukuelewi.”

“Ni hili neno.” Alijikuta ameshusha karatasi. “Neno la mpango. Lile la kutoa pumzi. Siwezi kulitamka hapa kwa sababu kuna watu tisa wamelivaa masikioni, na mmoja wao ameshika kikombe cha chai ya moto.”

Nyuma, Asajile akatazama kikombe chake. Hakuna aliyecheka.

“Bupe alilisema. Ndiyo maneno yake ya kwao. Lugano aliposikia, kipini kilifanya tulichokiagiza kifanye. Mimi ndiye niliyelichagua neno, na mimi ndiye niliyesaini kuondoa kufuli. Limetokea mara kumi na saba. Ninazo zote. Jumatatu mtalipeleka kwenye vituo thelathini na viwili.” Sasa machozi yalikuwa yakimdondoka na hakuyafuta. “Lugano hajafanya uzembe. Mkimwadhibu, mtakuwa mnamwadhibu mtu ambaye hayupo.”

Mama mwenye miwani akaacha kuandika.

“Kwa hiyo unapendekeza tuzime,” akasema Bwana Ndimbo polepole. “Hapa maelezo ya wahandisi yanasema nini kitatokea. Umeyasoma?”

“Nimeyasoma. Na nimeona. Nilizima jana kwa sekunde thelathini na nane.”

“Ikawaje?”

Alimtazama Lugano. Lugano alimrudishia macho mapole, yenye kungoja, macho ya mtu anayesikiliza habari za mgeni.

“Aliniomba niwashe. Alipiga magoti.”

“Na wewe ukawasha.”

“Ndiyo.”

“Basi nashindwa kukuelewa.” Mzee aliegemea mbele, uso ukajaa kioo kizima. Hakuwa mkali; alikuwa amechoka. “Ukiwasha wanaangushana. Ukizima wanavunjika. Umekuja na takwimu, umekuja na machozi, na yote mawili nayaheshimu. Ila bado hujasema unachokitaka. Acha fomu. Sema.”

Moyo ulikuwa ukimpiga hadi masikioni. Yeye hakuwa na kipini, hakuwahi kuvaa. Pale chumbani ulikuwa moyo pekee unaokimbia, na kwa mara ya kwanza hakutamani usimame. Aliwageukia wale tisa, akaipa mgongo meza ya baraza, jambo ambalo hakuna mtu mwenye adabu angelifanya.

“Nataka muogope,” akasema. “Nataka mrudishiwe hofu yenu yote, siku arobaini, kidogo kidogo, na kamba msishike hata moja mpaka siku hizo ziishe. Itauma. Mtanichukia. Mtalia, na mimi sijui kukaa na mtu anayelia, nilishawahi kumkimbia mmoja wenu, kaka Lugano nisamehe, nilisema naleta maji nikajificha nyuma ya tangi. Ndiyo maana niliwapa sauti. Sauti ilikuwa njia yangu ya kutokuwapo.” Akavuta pumzi, na haikushuka vizuri, akaendelea nayo vivyo hivyo. “Sitaki tena kuwatuliza. Nataka kukaa nanyi. Mimi mwenyewe, kwenye kiti, mlango umefungwa, hata kama nitakuwa natetemeka kuliko nyinyi.”